PEP kwa wakazi wa Lamu: la kufanya kabla saa 72 hazijaisha

Kondomu imepasuka. Sindano ya mgonjwa imekudunga kidole. Mtoto wa nyumbani amefanyiwa unyama. Swali linalofuata huwa ni lile lile, na huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi siku mbili baada ya tukio: "Bado naweza kufanya kitu?" Kisha huja mengine. Nipime kwanza? Niende polisi kwanza? Ningoje boti ya kesho? Nimeandika mwongozo huu kwa sababu majibu yanayozunguka mitaani, kuanzia Langoni hadi Kizingitini, yanawapotezea watu saa ambazo hawanazo.

Jibu ni ndiyo, bado unaweza, maadamu saa 72 hazijapita. PEP ni dawa za kuzuia VVU zisijenge makao mwilini baada ya mtu kukumbana na hatari ya kuambukizwa. Humezwa kila siku kwa siku 28. Hizo saa 72 ni ukomo, si muda wa kujipangia. Anayemeza kidonge cha kwanza siku ile ile ana kinga bora kuliko anayefika siku ya tatu jioni, na baada ya saa 72 dawa hizi hazitarajiwi tena kuzuia maambukizi.

Je, lililokupata linahitaji PEP?

Nenda kituoni bila kusita ikiwa:

- umefanya ngono bila kondomu, au kondomu imepasuka au imechomoka, na mwenzako ana VVU au hujui hali yake;
- umebakwa au umenajisiwa, uwe mwanamke au mwanamume, mkubwa au mtoto;
- umechangia sindano au bomba la kujidungia dawa za kulevya;
- umedungwa na sindano iliyotumika, au damu ya mtu mwingine imekurukia machoni, mdomoni au kwenye kidonda kibichi;
- wembe au kisu chenye damu mbichi ya mtu mwingine kimekukata, hata kama ni cha ngariba au kinyozi.

Mate, jasho, machozi, kikombe kimoja, choo kimoja, mbu, kupeana mkono na kukumbatiana havileti VVU. Damu ikidondoka kwenye ngozi isiyo na jeraha, osha tu.

Vipi ikiwa mwenzako anatumia ARV, yaani dawa za kudhibiti VVU? Mtu anayemeza dawa zake vizuri, na kipimo kikaonyesha virusi havionekani katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kama una hakika hiyo, huenda usihitaji PEP. Ikiwa hakika yenyewe ni ya "aliniambia", nenda ukazungumze na mhudumu.

Na kama huwezi kupima ukubwa wa hatari, usikae nyumbani ukijihukumu. Hiyo ni kazi ya daktari au nesi.

Vya kuwa navyo kabla hujaondoka

Si vingi, na kukosa kimojawapo kusikuzuie:

- saa na tarehe ya tukio, vimeandikwa kwenye simu au karatasi;
- majina ya dawa zote unazotumia, au vifurushi vyake: za kisukari, kifafa, kifua kikuu, figo, kiungulia, vidonge vya kuongeza damu;
- nauli ya boti, bodaboda au matatu, na simu yenye chaji;
- mtu mmoja unayemwamini, ukimtaka;
- kadi ya kliniki, ikiwa una mimba au unanyonyesha.

Kuhusu saa na tarehe nasisitiza jambo moja. Huku kwetu usiku huhesabiwa pamoja na mchana unaofuata. Ukimwambia nesi "usiku wa Jumamosi" ukimaanisha Ijumaa baada ya magharibi, naye ni mgeni wa pwani, ataandika Jumamosi usiku. Hapo hesabu yako imekosewa kwa saa 24 nzima. Sema hivi: "Ijumaa tarehe fulani, saa nne za usiku." Tukio la Ijumaa saa nne za usiku hufika ukomo Jumatatu saa nne za usiku.

Hatua kwa hatua

1. Safisha, lakini usijiumize. Uliyedungwa au kukatwa, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue damu, usisugue, usimwage jiki, spiriti wala ndimu. Damu ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi. Baada ya ngono usijioshe ndani ya uke wala njia ya nyuma: maji, sabuni au siki huchubua ngozi laini ya ndani, na mchubuko ni mlango. Aliyebakwa asioge kwanza, na sababu nitaieleza chini.

2. Chagua kituo cha karibu chenye dawa, si kile ulichokizoea. Aliye Lamu mjini, Shela, Matondoni au Kipungani aende Hospitali ya King Fahd. Wa kisiwa cha Pate, yaani Siyu, Mtangawanda, Kizingitini na Pate yenyewe, wana hospitali ya Faza. Mpeketoni kuna hospitali, na Witu na Kiunga kuna vituo vya afya. Dawa za PEP ni za bure katika vituo vya serikali, na ni zile zile kokote nchini, kwa hivyo ukiwa safarini Malindi au Mombasa usingoje kurudi nyumbani.

Zahanati ndogo hazina dawa hizi kila wakati. Kabla ya kupanda boti, mwombe mhudumu wa afya wa mtaani kwenu apige simu kituoni aulize kama zipo. Si lazima amtaje mtu.

3. Panga safari kwa kuhesabu maji. Hapa ndipo wengi wa visiwani hupotezewa muda. Boti za abiria hufuata kujaa na kupwa, na wakati wa kusi bahari ikichafuka, njia ya Kiwayu na Kiunga inaweza kukatika. Ukikosa maji ya asubuhi, huenda umekosa mchana mzima. Kwa hivyo uliza mara moja: boti inayofuata ni ya saa ngapi, na ikinipita, nyingine ni lini? Ikiwa jibu ni kesho, nenda kituo chochote unachoweza kukifikia leo kwa miguu au kwa pikipiki, hata kiwe kidogo. Kikiwa na kidonge cha kuanzia, meza hapo, kisha usafiri kesho ukiwa tayari umeanza. Ikiwa ni ubakaji, au hali ya mgonjwa ni mbaya, ombeni kituo kisaidie kutafuta chombo. Msibaki gatini mkingoja boti ya abiria ijae watu.

4. Sema wazi mapokezini. Lamu ni mji mdogo, na hofu ya kusikiwa na jirani aliye kwenye benchi ni ya kweli. Huna haja ya kusimulia mbele ya watu. Mwambie wa kwanza kukupokea: "Nimepata hatari ya VVU, ni dharura, nahitaji PEP. Naomba tuzungumze faragha." Neno PEP wanalijua, nalo husogeza mambo. Usiku au siku ya mapumziko, ingia upande wa dharura. Usirudi nyumbani kwa sababu kliniki ya ARV imefungwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU na Ukimwi inamkataza mhudumu kutoboa siri ya mgonjwa.

5. Jibu maswali, kisha upimwe. Utaulizwa ni lini, ni njia ipi, na kama mwenzako anajulikana. Maswali mengine yanatia haya, hasa ya ngono ya nyuma au ya sindano za unga. Jibu kweli, kwa kuwa majibu yako ndiyo yanayomwonyesha mhudumu ukubwa wa hatari. Kisha utatobolewa kidole kupimwa VVU.

Elewa kipimo hicho kinasema nini. Kinaonyesha hali uliyokuwa nayo kabla ya tukio hili, kwa sababu maambukizi ya jana hayawezi kuonekana leo. Anayenunua kifaa cha kujipima dukani, akaona hana VVU, akalala akiwa ametulia, ameyapoteza masaa yake bure. Ikiwa kipimo kitaonyesha tayari unaishi na VVU, PEP si dawa yako. Utaanzishiwa matibabu kamili, na hilo nalo ni jema kulijua mapema. Huenda pia ukapimwa figo na homa ya ini aina ya B. Ikiwa majibu yatachelewa, omba umeze kidonge cha kwanza wakati yanasubiriwa.

6. Meza kidonge cha kwanza hapo hapo. Usikitie mfukoni ukakimeze nyumbani. Kwa mtu mzima huwa ni kidonge kimoja kwa siku, ambacho ndani yake mna dawa tatu: tenofovir, lamivudini na dolutegraviri. Watoto hupewa kwa uzito wao, wengine mchanganyiko tofauti. Mwenye mimba anaweza kumeza PEP, na anayenyonyesha pia. Mueleze mhudumu tu.

Hata ukiwa umefunga Ramadhani, kwa upande wa afya ushauri wangu ni umeze saa hiyo hiyo. Siku hiyo utailipa, na sheikh wako atakuongoza. Vidonge vinavyofuata ni rahisi: chagua daku au baada ya futari, ushikilie hapo.

7. Uliza kuhusu mengine yanayokwenda pamoja. Mwanamke asiyetaka mimba aombe P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, siku hiyo. Hufanya kazi hadi saa 120 baada ya tendo, lakini mapema ni bora. Uliza pia kuhusu tiba ya magonjwa mengine ya zinaa na chanjo ya homa ya ini B. P2 haizuii VVU, na PEP haizuii mimba. Kila wiki kuna anayedhani moja linatosha.

8. Meza siku 28, zote. Chagua saa moja ya siku na uifunge kwenye jambo usilolikosa, kama baada ya swala ya alfajiri au chai ya asubuhi. Unaweza kumeza ukiwa umekula au hujala.

Wavuvi ndio ninaowahofia zaidi hapa. Mtu huanza vizuri, wiki ya pili akaenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, dawa zikabaki nyumbani kwa kuogopa wenzake wasizione. Ukijua utatoka, mwambie mhudumu mapema akupe za kutosha safari yote. Ziache ndani ya chupa yake iliyofungwa, pamoja na kile kifuko cha kunyonya unyevu, kisha uitie kwenye mfuko wa plastiki na uiweke juu, mbali na maji ya ngama na jua kali. Ukiogopa maandishi ya chupa, bandua karatasi, lakini usihamishie vidonge kwenye kipande cha gazeti. Na ukiulizwa, sema ni dawa ya daktari. Hudaiwi zaidi ya hapo.

Katika siku hizi tumia kondomu kila mara, pamoja na mume au mke wako, hadi kipimo cha mwisho. Usitoe damu. Sindano usichangie na yeyote.

9. Rudi kuangaliwa na kupimwa. Kituo kitakupa tarehe za kurudi wakati ungali kwenye dawa. Kipimo kinachokata shauri ni cha miezi mitatu baada ya tukio. Watu wengi humaliza vidonge, wakajisikia wazima, wasirudi. Andika tarehe hiyo kwenye simu siku ile ile unayopewa dawa.

Ikiwa ni ubakaji

Hospitali kwanza. Polisi ni muhimu, lakini hakuna haja ya kupita kituo cha polisi ndipo utibiwe. Hospitali itajaza fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, nayo fomu ya P3 ya polisi itafuata.

Usioge, usifue nguo, usipige mswaki kama mdomo ulihusika, na ukiweza usiende haja kabla ya kuonwa. Nguo ulizokuwa nazo zitie kwenye bahasha ya kaki au uzifunge kwa kitambaa safi. Mfuko wa plastiki huzitoa jasho na kuharibu ushahidi. Kama umeshaoga, nenda vivyo hivyo. Dawa hufanya kazi ile ile.

Na niwaambie wazee na wazazi jambo ambalo linanichoma. Mtoto anapoharibiwa, familia mbili hukaa barazani kutafuta suluhu na kufunika aibu. Siku ya kwanza inakwisha, ya pili inakwisha, na hakuna aliyempa mtoto kidonge. Ubakaji ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na haumalizwi kwa kikao cha nyumbani. Hata mkiwa mna la kuzungumza, mtoto awe ameshapelekwa hospitali. Nambari ya simu 1195 husaidia waliodhulumiwa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote ni za bure.

Makosa yanayorudiwa

Kungoja mwenzako apime. Akikubali ni vizuri, na majibu yake yanaweza hata kukusimamishia dawa, lakini anza kwanza.

Kumeza vidonge vya jirani anayeishi na VVU. Unampunguzia dozi yake, na hakuna aliyekupima wala kuangalia figo zako. Umbali wa kituo usiwe sababu. Rudi hatua ya tatu.

Kubadilisha PEP kwa kombe au miti shamba. Dua haigombani na kidonge, na kombe ukitaka kunywa ni imani yako. Kidonge kitangulie. Kwa miti shamba mhudumu aulizwe, kwani mingine haifai pamoja na dawa.

Kumeza pamoja na dawa ya kiungulia, kalsiamu au vidonge vya kuongeza damu. Hivi huizuia dolutegraviri isiingie mwilini vya kutosha. Meza PEP saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Mama wajawazito, hili linawahusu sana.

Kunyamaza kuhusu dawa nyingine. Wa metformini ya kisukari, wa rifampisini ya kifua kikuu na wa dawa kama karbamazepini ya kifafa huenda wakabadilishiwa kipimo au dawa.

Mambo yakikwama

*"Dawa hakuna, rudi kesho."* Uliza ni kituo gani kinazo leo, na uombe wapige simu huko kwa niaba yako na kukuandikia barua ya rufaa. Omba kumwona msimamizi wa zamu. Mweleze saa ngapi zimebaki, kwa hesabu.

*Kichefuchefu, kichwa, tumbo kuharisha.* Hutokea mwanzoni na hupungua. Meza baada ya chakula. Usingizi ukikata au ndoto zikikusumbua, hamishia dozi asubuhi.

*Nimetapika.* Ikiwa haijapita saa moja tangu umeze, meza kingine, halafu urudi kituoni uongezwe kimoja ili siku 28 zitimie.

*Nimesahau.* Meza unapokumbuka, kisha uendelee na saa yako ya kawaida. Usimeze viwili kwa mpigo kufidia. Ukikosa zaidi ya siku moja, wasiliana na kituo kabla ya kuamua mwenyewe kwamba basi.

*Vidonge vimelowa au vimepotea.* Rudi leo, si mwisho wa wiki. Hakuna faini.

*Vipele vya mwili mzima, macho kuwa ya manjano, uso kuvimba au mkojo kupungua sana.* Hospitali mara moja, na chupa ya dawa mkononi.

*Nina homa ya ini B.* Usiache dawa hizi bila daktari kujua, hata siku 28 zikiisha, kwa sababu ini linaweza kuvimba ghafla.

*Limetokea tena nikiwa bado kwenye dawa.* Endelea kumeza, na urudi kueleza. Mhudumu ataamua kama siku ziongezwe. Ikiwa hatari hii hukujia mara kwa mara, labda kwa sababu ya kazi yako, ya ndoa yenye mmoja anayeishi na VVU, au ya maskani unayokaa, uliza kuhusu PrEP, ambayo humezwa kabla ya hatari na imekuwa ikitolewa na serikali tangu 2017. Unaweza kuhamia PrEP mara tu PEP inapokwisha, bila kuacha pengo katikati.

*Saa 72 zimepita.* Nenda bado. Utapimwa, utatibiwa magonjwa mengine, na ikiwa ni ndani ya siku tano P2 bado inawezekana. Homa, koo kuuma, tezi kuvimba na vipele katika wiki chache zinazofuata ni sababu ya kurudi kupimwa kabla ya tarehe uliyopewa, na umweleze mhudumu tukio lenyewe, asije akakupa dawa ya malaria tu.